Lami ya Salfa: Tupime Bei, Lakini Kwanza Tupime Joto

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Nyandarua



Mwezi uliopita nilihudhuria baraza la wakulima wa skimu yetu. Kazi yangu mle ni kuandika tu: nani kasema nini, na nini kimekubaliwa. Shauri kuu siku ile lilikuwa barabara. Wala si ajabu, kwa maana wiki ile ile lori la maziwa lilikwama kwenye mteremko wa mtoni tangu alfajiri hata saa saba mchana. Lilipovutwa likafika kwenye ushirika, mitungi kumi na minane ilirudishwa kwa wenyewe, kwa kuwa maziwa yalikuwa yamekwisha kuchacha. Orodha ya mitungi hiyo ililetwa ofisini kwetu, nami niliinakili jina kwa jina. Kati ya majina hayo yalikuwamo ya akina mama wawili ambao najua hawana kitu kingine cha kulipia karo ila maziwa.

Basi katika baraza mzee mmoja alisimama, akasema kijana wake amemsomea habari katika simu. Habari yenyewe ni kwamba huko ng'ambo watu wanajenga barabara kwa lami iliyochanganywa na salfa. Ya kuwa lami hiyo ni rahisi, haitaki moto mwingi, na inastahimili malori mazito. Mzee akauliza, "Salfa si ile ile tunayonyunyizia njegere zikishikwa na ubwiri unga? Ikiwa iko hata katika duka la dawa pale sokoni, kwa nini sisi tunaachwa katika matope?" Watu walipiga makofi, na hapo hapo likapitishwa azimio la kuomba barabara yetu itiwe lami ya salfa.

Niliandika azimio hilo kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini kabla ya kuingia kazi ya ofisi mimi nilisomea ualimu, na mwalimu akiona hesabu imefanywa nusu ubaoni, hawezi kuondoka darasani akaiacha. Azimio letu ni hesabu nusu. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti hili niimalizie nusu iliyobaki.

Maoni yangu ni haya. Lami ya salfa ni kitu cha kweli, wala si porojo. Lakini faida yake yote imefungwa na mambo mawili: bei ya salfa kuwa ya chini sana, na mtu mwaminifu kusimama karibu na kipimajoto tangu asubuhi hata jioni. Mahali ambapo mambo hayo mawili hayapo, lami hiyo haimfai mkulima, na yaweza kumdhuru kijana wake anayeajiriwa kuimwaga.

SALFA INATOKA WAPI

Salfa ni ile ambayo wazee wa pwani waliijua kwa jina la kiberiti upele, wakaitumia kutibu ngozi. Zamani ilichimbwa ardhini. Siku hizi sehemu kubwa haichimbwi kwa ajili yake yenyewe, bali hutolewa katika mafuta na gesi wakati wa kuvisafisha. Mafuta yenye salfa yakichomwa hutoa moshi mkali unaoharibu hewa na mvua. Kwa hiyo serikali za dunia zimezidi kuwalazimisha wenye mitambo kuitoa. Kwa mfano, tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli yasiyosafishiwa moshi hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya nusu ya sehemu moja katika 100, ambapo kabla ya hapo iliruhusiwa sehemu tatu na nusu.

Basi salfa hiyo inayotolewa huenda wapi? Nyingi hutengenezwa asidi, na asidi hiyo hutumika zaidi katika kutengeneza mbolea ya fosfeti. Mkulima anayepanda viazi kwa DAP amekwisha kutumia kazi ya salfa, ingawa haioni ndani ya gunia. Lakini zipo nchi ambazo salfa imewazidi. Katika jimbo la Alberta nchini Kanada imerundikwa kwa miaka mingi, vipande vikubwa vya manjano mfano wa majumba. Katika nchi ya Falme za Kiarabu, kiwanda cha gesi cha Shah kilichoanza kazi mwaka 2015 hutoa salfa nyingi hata ikatengewa treni ya kuipeleka bandarini. Mtu mwenye mlima wa kitu kama hicho uani kwake lazima atafute njia ya kukitumia. Barabara ni njia moja.

WALIANZAJE KUITIA KATIKA LAMI

Jambo hili si jipya. Mwaka 1938 wataalamu wawili wa Marekani, Bencowitz na Boe, waliandika habari za salfa iliyochanganywa na lami. Wakati ule lami ilikuwa rahisi, na watu hawakujali sana. Lakini mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula, na lami ni mtoto wa mafuta. Ndipo Wakanada, Wafaransa na Wamarekani walipoanza kuweka vipande vya barabara vyenye salfa katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Wafaransa walikuwa na salfa nyingi kutoka gesi ya Lacq, kusini magharibi mwa nchi yao.

Ili tufahamiane, lazima tujue barabara ya lami imefanywa na nini. Katika kilo 100 za mchanganyiko unaomwagwa barabarani, karibu kilo 95 ni kokoto na mchanga. Lami yenyewe ni kama kilo tano tu. Ndiyo gundi inayoshika mawe yasiachane. Gundi hiyo ndiyo yenye gharama kubwa. Katika lami ya salfa, sehemu ya gundi huondolewa na salfa kutiwa badala yake, mara nyingi kilo 30 hadi 40 katika kila kilo 100 za gundi. Salfa nyingine huyeyuka ndani ya lami. Iliyobaki huganda polepole baada ya barabara kupoa, ikawa kama chembe ngumu ndani ya gundi, na barabara huendelea kukaza kwa siku nyingi baada ya kushindiliwa. Hiyo ndiyo sababu ya lami hiyo kustahimili magurudumu mazito penye jua kali bila kuchimbika mifereji.

Je, barabara hizo zilidumu? Wamarekani walizikagua baadaye wakazilinganisha na zile za lami tupu zilizojengwa karibu nazo. Kwa jumla waliona zinakwenda sawa. Nawaomba mlishike neno hilo, ndugu zangu: sawa. Hawakuona muujiza, wala hawakuona hasara kubwa. Lakini baadhi ya vipimo vya maabara vilionyesha kwamba mchanganyiko wenye salfa waweza kuwa dhaifu zaidi mbele ya maji, usipotiwa dawa ya kuifanya gundi ishike mawe vizuri. Sisi tunaokaa katika matope tuna haki ya kulikumbuka jambo hilo.

Halafu katika miaka ya 1980 bei ya mafuta ilianguka, salfa ikawa ghali, na wafanyakazi walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya moshi. Kazi hiyo ikafifia. Ilipoanza tena baadaye, salfa haikuletwa tena ikiwa imeyeyushwa motoni katika matangi, bali ilikuja katika punje ndogo ngumu, mfano wa punje za mbolea, na pamoja nayo dawa ya kuwezesha mchanganyiko kufanyika kwa joto la chini. Kampuni ya Shell iliziuza punje hizo kwa jina la Thiopave. Mwaka 2009 ziliwekwa katika njia ya majaribio iliyoko karibu na Auburn, jimbo la Alabama, ambako malori mazito huzunguka usiku na mchana ili barabara ichakae upesi na wataalamu waone mwisho wake.

HABARI YA JOTO

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Wengi wetu tulipiga makofi tuliposikia "haitaki moto mwingi." Ni kweli. Lami ya kawaida huchanganywa na kokoto kwa joto la digrii 150 hadi 170 hivi. Lami ya joto la chini hupunguza digrii 20 hadi 40 katika hizo. Mafuta ya kupashia kokoto hupungua, moshi hupungua, na mfanyakazi haungui kifua kama zamani. Hiyo ni faida safi.

Lakini katika lami ya salfa joto la chini si zawadi tu, ni sharti. Joto likipita digrii 150 hivi, salfa huanza kupigana na lami, na katika mapigano hayo hutoka gesi mbaya yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo twaijua kidogo: ndiyo inayonuka katika shimo la mavi ya ng'ombe na katika mtambo wa gesi ya samadi. Ikiwa kidogo, inachoma macho na koo. Ikiwa nyingi, inaua. Tena ina hila moja kubwa. Ikizidi kiasi, huifisha pua, mtu asisikie harufu tena, akadhani hatari imepita kumbe ndiyo imefika. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa mabondeni, mashimoni na ndani ya matangi. Mtu asitegemee pua yake.

Upande wa pili, salfa huyeyuka kwenye joto la digrii 115 hadi 119 hivi. Mchanganyiko ukipoa chini ya hapo kabla ya kushindiliwa, salfa huanza kuganda, na shindilia ikipita juu yake haiukazi vizuri. Barabara hubaki na matundu madogo, maji huingia, na mvua ya kwanza huanza kuibomoa.

Basi ona: juu ni digrii 150, chini ni kama digrii 120. Katikati yake ni nafasi ya digrii 30 tu. Kazi yote ya kuchanganya, kupakia, kusafirisha, kumwaga na kushindilia lazima ipite katika mlango huo mwembamba.

Wale waliolima pareto watanielewa upesi. Maua ya pareto yasipokauka vizuri huoza. Yakikaushwa kwa moto mkali hupoteza nguvu yake ya dawa, na bei yake huanguka. Mkulima mzuri wa pareto hakukausha kwa kukisia, wala hakumwachia mtoto kazi ya kuchochea kuni. Alikaa karibu na kikaushio chake. Lami ya salfa ni vivyo hivyo, lakini pareto likiharibika umepoteza fedha, na lami ya salfa ikizidi moto unaweza kupoteza mtu.

Hapa nina neno langu mwenyewe. Kijana wa nyumbani kwetu aliwahi kuajiriwa katika kazi ya kumwaga lami ya kawaida. Niliwahi kumpelekea chakula, nikasimama kando kutazama. Lori lilipofika, msimamizi aliutazama moshi unaotoka nyuma, akasema, "Iko sawa, mwageni." Nilimwuliza kipimajoto kiko wapi. Akacheka, akanijibu kwamba amefanya kazi hiyo miaka mingi na macho yake yanatosha. Vijana wale hawakuwa na kitambaa cha pua, na wawili walikuwa wamevaa kandambili. Sisemi ndivyo wanavyofanya wote. Wapo wajenzi wenye bidii na utaratibu. Lakini nasema: siku ile ilikuwa lami tupu, ambayo huvumilia makosa kiasi. Kama ingekuwa lami ya salfa, na lori lile lingekuwa limepashwa mpaka digrii 170 kwa mazoea, macho ya msimamizi yangeona nini? Moshi ni moshi.

HESABU YA DEBE

Nusu ya pili ya hesabu ni bei. Mzee wetu alisema salfa ni rahisi kuliko lami, na mara nyingi ni kweli ukilinganisha kilo kwa kilo. Lakini hapa pana mtego, na kila aliyewahi kununua pumba za ng'ombe anaujua. Debe moja la mahindi na debe moja la pumba hayana uzito mmoja. Ukinunua kwa kilo na kutumia kwa debe, lazima ufanye hesabu mara mbili.

Salfa ni nzito karibu mara mbili ya lami. Gundi ya barabara kazi yake ni kujaza nafasi kati ya mawe, yaani ni kazi ya debe, si ya mizani. Kwa hiyo ukiondoa kilo moja ya lami, nafasi yake haijazwi na kilo moja ya salfa, bali karibu kilo mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya lami ni shilingi 100 na kilo ya salfa ni shilingi 40. Kilo mbili za salfa ni shilingi 80, nawe umeokoa shilingi 20. Salfa ikipanda hadi shilingi 50, hukuokoa kitu. Ikifika shilingi 60, umepata hasara ya shilingi 20 katika kila kilo ya lami uliyoondoa, na hatari ya gesi umeipata bure.

Na bei ya salfa huruka. Mwaka 2008, dunia ilipokuwa ikigombania mbolea, salfa ilipanda mara nyingi kuliko bei yake ya awali, na kabla mwaka haujaisha ikaanguka tena. Kumbukeni kwamba salfa ile ile inatakiwa na viwanda vya mbolea. Mwaka ambao dunia inalima sana ndio mwaka ambao salfa inakuwa ghali. Kwa hiyo mkulima anayeitaka salfa kwa barabara na kwa DAP ni kama mtu anayekamua ng'ombe mmoja kwa ndoo mbili.

Tena yafaa tujue hali ya nchi yetu. Kenya ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963. Kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu hapo lami tunaileta kwa meli. Na kwa kuwa hatusafishi mafuta, hatuna mlima wa salfa uani kwetu kama Alberta. Kule salfa ni mzigo wanaotafuta pa kuutua. Kwetu sisi ni bidhaa ya kununua kwa fedha za kigeni, kuipakua Mombasa, na kuipandisha mpaka huku milimani. Kitu kinachokuwa rahisi katika nyumba ya jirani kwa sababu kimemzidi, hakiwi rahisi kwako ikiwa unalipa nauli ya kukileta.

SISI WA MILIMANI

Skimu zetu nyingi huku ziko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Asubuhi kuna baridi, miezi mingine jalidi huua viazi. Shida ya barabara zetu si jua linaloyeyusha lami, ni maji. Lori linalotoka katika mtambo wa lami likapanda mlima wakati wa manyunyu, likikutana na mkokoteni, na ng'ombe, na daraja jembamba, laweza kupoteza joto lake kabla halijafika. Na mwenye mtambo, akijua safari ni ndefu, atajaribiwa kufanya nini? Atazidisha moto ili lami ifike ingali moto. Katika lami ya kawaida hilo ni kosa la kuichosha lami. Katika lami ya salfa ndilo kosa lile la gesi.

Kwa hiyo sisemi lami ya salfa haifai popote. Mahali penye joto na malori mengi mazito, kama katika njia kuu inayotoka Mombasa kuja Nairobi, mainjinia wakiona bei inafaa na mtambo uko karibu, wajaribu kipande, wakipime, watuambie. Hiyo ni kazi yao, nami nitaisoma habari hiyo kwa furaha. Wasisahau pia kuandika mahali ilipowekwa, maana barabara ile ikizeeka, ikakwanguliwa na kupashwa moto tena ili itumike upya, salfa bado imo ndani yake. Mfanyakazi wa baadaye lazima aambiwe.

Lakini barabara ya kilomita sita ya skimu, inayopitwa na lori la maziwa, matrekta, bodaboda na watoto wa shule, haina haja ya kuanza na jambo gumu kama hilo.

TUOMBE NINI BASI

Najua wako watakaosema karani amekuwa adui wa maendeleo. Sivyo. Mimi nami hupita katika matope yale yale. Lakini kuomba kitu kwa jina tu, bila kuuliza masharti yake, ni kama kununua ng'ombe kwa kusikia kengele. Katiba ya mwaka 2010 imetupa sisi wananchi haki ya kushirikishwa katika mashauri kama haya. Tukiitwa, twende na maombi yenye maana. Yangu ni manne.

Kwanza, tuombe mitaro na makalvati kabla ya lami yoyote. Pale mtoni lori lilipokwama, maji hayana pa kupita ila katikati ya barabara. Ukimwaga lami juu ya mahali kama hapo, iwe ya salfa au ya dhahabu, itaondoka mvua mbili zijazo. Na mitaro hiyo tukishachimbiwa, tusiizibe kwa kuvukishia mikokoteni na kutupia majani ya viazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara, usipozibua mtaro utajenga barabara nzima.

Pili, mahali panapostahili lami, tuulize habari za lami baridi. Hii ni lami iliyovunjwavunjwa katika matone madogo sana ndani ya maji, ikachanganywa na kokoto bila kupasha kokoto moto. Maji yakitoka, lami hubaki imeshika mawe. Nchini mwetu imekwisha kutumika katika barabara ndogo, na vijana wa mahali penyewe huimwaga kwa mikono, kwa makoleo na shindilia ndogo. Ina masharti yake pia: mvua ikinyesha kabla haijashika, huoshwa. Lakini haichomi mtu, haitoi gesi ile, na mshahara wake hubaki kijijini. Ikiwa tunachotaka ni joto la chini, basi hilo ndilo joto la chini kuliko yote.

Tatu, lami yoyote ya moto itakayoletwa kwetu, ya salfa au isiyo na salfa, iwe na kipimajoto na kitabu. Kila lori likifika, joto lake lipimwe mbele ya watu, liandikwe, pamoja na saa. Sisi hatushangai jambo hilo. Kila asubuhi maziwa yetu hupimwa kwenye ushirika, na yakipita kiasi hukataliwa, hata kama mwenyewe ni mzee wa kanisa. Kwa nini maziwa ya shilingi chache yapimwe, na barabara ya mamilioni ikisiwe kwa macho?

Nne, vijana wetu walindwe. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aangalie usalama wa watu wake. Viatu, mikono ya kuvaa, na mafunzo si hisani. Na ikiwa siku moja salfa itatumika, basi kila kundi la wafanyakazi liwe na chombo cha kupima gesi ile, pamoja na mtu anayejua kukisoma na mwenye mamlaka ya kusema, "Simamisheni kazi." Kama mkandarasi haoni haja ya chombo hicho, huyo asipewe kazi hiyo.

Baraza litakutana tena mwezi ujao. Kwa kawaida mimi husoma tu maandishi ya mkutano uliopita, kisha hukaa. Safari hii, mwenyekiti akiniruhusu, nitaomba azimio letu libadilishwe. Mahali palipoandikwa "lami ya salfa," paandikwe: "mitaro, makalvati, na lami itakayofaa mahali petu, ikipimwa joto mbele ya wananchi." Ni maneno marefu zaidi, wala hayatapigiwa makofi kama yale ya kwanza. Lakini mzee wetu aliuliza kwa nini tunaachwa katika matope, na swali lake ni la haki. Majina ya mitungi ile kumi na minane ningali nayo katika kitabu. Anastahili jibu litakalotoa lori matopeni mvua baada ya mvua, bila kijana wa mtu kulipia kwa pumzi yake.

Wenye maoni mengine na waje barazani wayaseme. Nitayaandika yote.